Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Kabuta, 8 Septemba 2024

Mwanangu Gaëlle,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Salamu hizi usizile peke yako, wagawie na wenzako wa labo mnaopima maji, hata yule profesa wako anayesahau kula.

Huku kwetu tu wazima. Binti yako, huyu tunayemwita Dada, amepoteza jino la mbele, na sasa akitamka "samaki" unasikia filimbi. Jumapili aliimba na kwaya ya watoto, filimbi ikamaliza wimbo kabla ya wenzake, kanisa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Kila nikimsuka nywele ananiuliza mama yake anakuja lini, nami namjibu kwamba mama anasoma maji ya watu wa Lubumbashi, akimaliza atakuja. Usihesabu hayo kuwa lawama. Ulipomwacha kwangu ulisema ni mpaka umalize masomo na upate nyumba, na mimi sina haraka hata kidogo.

Usijisumbue kunipigia. Simu yangu ilianguka majini nikishuka kwenye mtumbwi, imekufa. Guylain, mfanyabiashara wetu wa samaki, ndiye atakuwa posta. Akishachukua chisense, dagaa wetu, kisiwani Kilwa hapa ziwani petu, anavuka upande wa Congo, halafu anapanda lori hadi huko kwako. Anachelewa, lakini hapotezi kitu.

Kisima changu kipo. Nasema changu kwa sababu watu wenyewe wanakiita cha Mama Brigitte, si mimi niliyeanza. Mwaka huu jua limekaza, chemchemi inatoa maji kidogo sana, na bwawa limeshika rangi ya kijani, utadhani mtu amemwaga rangi ya mlango. Kina mama wanafurahi, maana maji yakiwa hivi mihogo tunayoloweka inalainika upesi. Upande wa juu tunachota ya kunywa, upande wa chini tunaloweka, kama siku zote. Ila bata wa Mama Mwiche, jirani yangu, wamekufa pale pale kando ya bwawa. Anasema ni ugonjwa wa bata.

Mimi nimepungua kidogo, kitenge cha Pasaka sasa kinanizidi. Ni joto tu. Niandikie kama unakula.

Shangazi yako,
Brigitte


Lubumbashi, 29 Septemba 2024

Tantine wangu mpenzi,

Shikamoo ya binti yako, na pole kwa simu. Guylain alifika akinuka chisense mpaka mlinzi wa chuo akakataa kumfungulia. Ninakula, Tantine. Napika bukari, ugali wetu, mwenyewe, ila haufanani na wako, hata unga unajua. Nilicheka peke yangu juu ya lile jino. Mwambie Dada anitunzie filimbi nije niisikie.

Sasa weka barua chini, kaa, halafu uisome tena kuanzia hapa.

Kijani hicho si majani wala matope. Ni vijidudu vidogo mno, havionekani kimoja kimoja, vinaishi kwa jua kama mimea. Vinapenda maji yenye joto, yaliyotulia, yenye chakula. Chakula chao ni yale yanayotoka kwenye mihogo yenu. Zamani chemchemi ilikuwa na nguvu ya kusukuma uchafu wote chini. Sasa imepungua, na kijani kimepanda hadi mnapochota. Baadhi ya vijidudu hivi vina sumu ndani ya miili yao, sumu inayokula ini. Bata wa Mama Mwiche hawakufa kwa ugonjwa wa bata.

Najua unachemsha. Hakuna nyumba Kabuta inayochemsha kama yako. Lakini kwa hili moto hausaidii: ukichemsha, vijidudu vinakufa na kupasuka, vinaacha sumu yote ndani ya sufuria, na sumu yenyewe haiogopi moto. Ukichuja kwa kitenge, inapita.

Kwa hiyo nakuomba, nimepiga magoti: msinywe maji ya bwawa. Wasomee kina mama wote barua hii, kwa sauti. Nitumie chupa moja ya maji hayo nipime hapa labo. Na unijibu: Dada anayanywa? Wewe macho yako yakoje? Kupungua huko si joto.

Chemchemi yenyewe haina kosa. Maji yanapotoka chini ya jiwe bado ni mazuri, yanaharibika yakikaa juani.

Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika,
Gaëlle


Kabuta, 27 Oktoba 2024

Mwanangu msomi,

Salamu kutoka kwa mjinga wako. Nacheka, usikunje uso. Dada hajambo, anakua kama mchicha, viatu ulivyoleta Julai vimeshakuwa vya mtoto wa jirani. Mama Mwiche anakusalimu, amepata mjukuu wa kiume. Mvua ya kwanza imetutisha kwa radi halafu ikaenda kunyesha kwa wengine.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza.

Wewe ulikuwa mdogo, nimekubeba mgongoni, tulipovuka ziwa hili tukikimbia vita. Huku tulikuta kipindupindu. Tulikunywa maji ya ziwa na watu wakafa, hata mama yako; baba yako, ndugu yangu, alikuwa ametangulia kufa, ukabaki na mimi. Wauguzi walitufundisha: chemsheni, chujeni, chemsheni. Mimi nikachemsha, na wewe ukaishi. Baadaye nikaona udongo wenye unyevu nyuma ya nyumba, nikachimba na jembe lililovunjika mpini, maji yakatoka baridi, safi, kutoka chini ya ardhi ambako hakuna mtu anayeoga wala kufua. Wenyeji ambao walikuwa wanatuita wageni walikuja na ndoo zao kuniomba. Nikapanua bwawa ili kila mama apate mahali pa kuloweka mihogo yake. Siku hiyo nilikoma kuwa mkimbizi hapa Kabuta, nikawa mtu. Sasa binti yangu mwenyewe ananiandikia kwamba kisima kina sumu na moto hauna kazi.

Chupa ninakutumia, Guylain anayo. Utaona mwenyewe yalivyo meupe.

Na mimi nina swali. Tangu mwaka jana unasema "nikipata nyumba". Umeshapata? Wakati mwingine mtu akitaka kumchukua mtoto kwenye nyumba anaanza kwa kusema maji ya nyumba ni mabaya. Kama nimekosea, nisamehe. Nikikaa peke yangu nawaza mengi.

Shangazi yako anayekupenda hata akikasirika,
Brigitte


Lubumbashi, 20 Novemba 2024

Tantine,

Nakusalimu, nawasalimu wote. Hongera kwa Mama Mwiche na mjukuu wake. Hapa mvua imeanza, barabara ya labo imekuwa mto, profesa anakuja na viatu mkononi.

Niliifungua chupa yako na kweli maji yalikuwa meupe. Nilifurahi. Nikasema labda Tantine ana haki, labda mimi ndiye niliyetishika kwa bata. Hata hivyo nikapima, na sumu ilikuwemo, nyingi. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Sikuelewa: maji bila chembe ya kijani yanawezaje kuwa na sumu kiasi hicho?

Nikamwuliza Guylain yalichotwa wapi. Naandika kama alivyosema:

"Tantine alichemsha ile mayi mara mbili, akachuja na kitenge mupya, akasafisha na chupa na sabuni. Aliniambia: Guylain, nitatuma je mayi muchafu ku labo ya bakubwa? Batasema mutoto wetu alikomalia wapi?"

Tantine, nilikaa chini pale pale mbele ya labo nikacheka huku nikilia, watu wakapita kando. Hukutaka kuniaibisha. Uliniandalia maji kama unavyomwandalia mgeni chai. Na kwa heshima yako hiyo umethibitisha mwenyewe kila nilichokuandikia, kuliko ambavyo chupa chafu ingethibitisha. Hayo ni maji ya sufuria yako, yaliyochemshwa mara mbili, ndiyo unayokunywa kila siku.

Guylain hakuishia hapo. Nilimbana. Akasema: "Simu yake iko muzima, Gaëlle. Njo ile anapigiaka bateja ba chisense. Na wewe hataki usikie sauti yake, sababu iko chini sana. Macho yake iko jaune, njano kabisa. Anakatazaka tusikuambie."

Nimekasirika. Ulinilea nisiseme uongo hata kwa mwizi. Unafikiri nitaishije hapa, nikipima maji ya watu nisiowajua, na mtu aliyenibeba mgongoni anakunywa sumu asubuhi na jioni kwa sababu kisima kina jina lake? Nenda hospitali. Waonyeshe macho na uwape karatasi ya pili niliyoambatanisha, waipime damu. Uliwasomea kina mama? Hukunijibu. Dada anakunywa? Hukunijibu pia.

Na mimi nijibu lako, maana nilikaa kimya vilevile. Ndiyo, nyumba nimepata. Vyumba viwili, bomba ndani. Nimemwandikisha Dada shule ya hapa, aanze Januari. Niliogopa kukuambia kuliko nilivyoogopa mtihani wowote. Lakini shule niliitafuta kabla ya bata, Tantine. Sikuyatukana maji yako ili nimpate mtoto.

Nakuja Krismasi.

Gaëlle wako


Kabuta, 10 Desemba 2024

Gaëlle, mama yangu,

Leo nakuita mama yangu kwa sababu umenigombeza kama mama. Salamu zote, za wote. Mvua sasa inanyesha kweli, paa linavuja pale pale lilipovuja ulipokuwa mdogo.

Nitakujibu moja moja.

Dada hajaonja maji ya bwawa tangu barua yako ya kwanza. Hata tone. Kila asubuhi nilimchotea kwenye pampu ya shule, ule mwendo wote, katika kale kabidoni, kadumu ka njano ka mafuta. Nilikuwa nakaficha chini ya kitenge, nikikutana na watu nasema naenda maombi. Kanisani walianza kunisifu. Mama mmoja alisema Brigitte siku hizi amejaa Roho, nami nilikuwa nimejaa maji ya pampu.

Basi niliamini, mwanangu. Nilikuamini tangu siku ya kwanza. Kama mtu mwingine angeandika ningebisha, lakini ni wewe. Ila sikuweza kwenda pampu na bidoni yangu kubwa mbele ya watu. Wangesema kisima cha Mama Brigitte kimekufa, hata mwenyewe amekikimbia. Kwa hiyo niliendelea kunywa mimi, wanione nikinywa. Na niliwaza: nikikuandikia kwamba una haki, utakuja kesho kumchukua mtoto, nami nitabaki na bwawa la kijani na nyumba isiyo na filimbi.

Barua yako sikuwasomea.

Wiki iliyopita binti mdogo wa Mama Mwiche alitapika usiku kucha, ngozi ikamtoka vipele. Asubuhi yake Mama Mwiche akanifuata hadi pampu ya shule. Alinikuta nikipampu. Akaangalia kabidoni, akaniangalia mimi, macho yangu haya. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu, akiniita mama kwa lugha ya kwao:

"Mayo, unajua kitu juu ya ile mayi. Wa kwako unamupa ya ku pampu. Na batoto betu?"

Gaëlle, sijawahi kuona haya namna ile. Nilijiona nimekuwa mtu mzuri kwa mtoto mmoja na mtu mbaya kwa kijiji kizima, na wote wananiita mama.

Nikarudi naye. Nikawaita kina mama bwawani, nikawasomea barua zako zote, hata pale uliponigombeza, hata macho jaune. Halafu nikabeba mtungi wangu nikaumwaga chini mbele yao, nikasema kuanzia leo mwenye kunywa hapa asiseme ni maji ya Brigitte. Wengine walinisema, na wana haki. Mama Mwiche hakunisema. Alivua viatu akaingia kutoa mihogo yake, na wengine wakamfuata. Sasa tunaloweka ndani ya mapipa, mbali na chemchemi, na watu wote wanakwenda pampu, foleni yake ni ndefu kuliko ya Komunyo. Binti wa Mama Mwiche ameanza kula.

Hospitali nilikwenda. Walisoma karatasi yako, wakatoa damu, wakasema ini limeumia lakini litarudi nikiacha maji hayo na nikipumzika. Simu ni nzima. Nipigie, hata sauti ikiwa mbaya.

Ulichora nyuma ya karatasi ile namna ya kufunika jicho la chemchemi kwa mawe na udongo na kutoa bomba, maji yasione jua. Kina mama wanauliza kama utakuja kuonyesha. Njoo uonyeshe. Nguo za Dada nimeshafua. Ni mtoto wako, na mimi nilikuwa namtunza tu, ingawa mara nyingi nilisahau.

Brigitte


Lubumbashi, 2 Februari 2025

Tantine wangu,

Pokea salamu za vyumba viwili. Kila nikikupigia tunalia halafu network inakata, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, Guylain amefurahi.

Tulifika salama. Dada alilia kutoka Kabuta mpaka katikati ya ziwa, akanyamaza alipomwona mtu akivua samaki mkubwa kuliko yeye, akalala kwenye lori. Shuleni ana rafiki anaitwa Arlène, naye hana jino. Wanapiga filimbi wawili. Usiku wa kwanza alifungua bomba, akaonja, akatema. "Hii mayi haina kitu ndani," akasema. Nikamwambia ndiyo maana yake. Hakuridhika.

Nimepima ile chupa uliyonipa tukiagana, ya kutoka kwenye bomba letu jipya chini ya mawe. Najua hukuichemsha, nilikuona unavyoteseka kuijaza ikiwa mbichi. Nimepima, profesa naye amepima, na hamna sumu, hata kidogo. Uliyoyachimba na jembe lile ni mazuri, Tantine. Yalikuwa mazuri siku zote, yalikosa kivuli tu.

Kwa hiyo nenda kawaambie kina mama, na bwawa la chini lizibwe kabisa kabla jua la Septemba halijarudi. Na sasa, kwa sababu ya kipindupindu, sikiliza neno ninalokuandikia mimi mwenyewe: chemsha.

Maji yaliyobaki chupani niliyachemsha nikapika chai. Dada alikunywa kikombe chake chote. Halafu akauliza kama kuna nyingine.

Gaëlle


Kabuta, 9 Machi 2025

Mwanangu Gaëlle, na mjukuu wangu Dada umsomee polepole,

Nawasalimu nyote wawili, na huyo Arlène, na meno yao yakiota mniambie.

Nilipowasomea kina mama barua yako walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Waliposikia "chemsha", Mama Mwiche akasema umetuzungusha mwaka mzima kuturudisha kwenye sufuria. Anatania. Ni yeye anayefagia mbele ya bomba kila jioni, na mtu akikaribia na mihogo anamfukuza na ufagio. Watu wameanza kusema kisima cha Mama Mwiche. Nilisikia, nikangoja moyo uniume. Uliuma kidogo, ukaacha. Macho yangu ni meupe, kitenge cha Pasaka kinakaribia kunikaa.

Sasa ya kwangu.

Juzi asubuhi niliamka, nikajifunga kitenge, nikatoka. Maji ya kisima ni mazuri, umeyapima wewe, bomba liko nyuma ya nyumba yangu, hata viatu sihitaji. Lakini miguu ilikwenda kulekule. Nilistuka nikiwa mbele ya pampu ya shule, nimeshika kabidoni ka njano, nimekaficha chini ya kitenge kana kwamba kuna wa kumficha. Watoto walikuwa wanaingia darasani. Nikasimama.

Ningeweza kurudi nako kakiwa katupu. Sikuweza. Nilipampu, nikakajaza mpaka mdomoni, nikakabeba ule mwendo wote mpaka nyumbani.

Kako hapa mezani ninapoandika, kamejaa, wala sijayachemsha, hakuna wa kuyanywa. Kesho nitayamwagia mchicha. Likizo kubwa mlete, Gaëlle. Nitamchotea hapa nyuma ya nyumba.

Kambo yake, yaani bibi yake, na shangazi yako,
Brigitte